Kusimamia ujenzi wa kituo cha data: mwongozo kamili wa msimamizi wa saiti

Ukilitazama kwa nje, jengo la kituo cha data ni kama ghala tu: kuta ndefu, madirisha haba, uzio na kamera. Msimamizi aliyezoea kujenga maghala au maofisi huingia saiti akidhani kazi ni ileile, ila kebo zimezidi. Ofisini, fundi akikosea saketi ya taa, mnazima swichi kuu Jumamosi, anarekebisha, na Jumatatu watu wanaingia kazini kama kawaida. Kwenye kituo cha data hakuna Jumamosi. Seva za kwanza, yaani kompyuta zinazoendesha huduma za mtandao, zikishawashwa, umeme wa ukumbi ule haukusudiwi kuzimwa tena kwa miaka na miaka. Kosa lililobaki ndani ya ukuta, ndani ya bomba au chini ya zege limeshapata makazi ya kudumu.

Ndiyo maana kila asubuhi, kabla sijavaa kofia, hujiuliza swali moja: leo kitafunikwa nini? Mtaro upi utafukiwa, dari ipi itafungwa, bomba lipi litafungwa kizuia joto? Kitu kitakachofunikwa leo ndicho cha kwanza kukaguliwa leo. Chai ya saa nne inaweza kusubiri.

Hatua ya 1: Soma michoro kwa kalamu mbili

Kabla ya kukanyaga saiti, tafuta mchoro mkuu wa umeme, ule unaoonyesha safari ya umeme kutoka gridi na jenereta hadi kwenye raki, yaani makabati ya kupangia seva. Uchapishe kwenye karatasi kubwa. Raki hulishwa na njia mbili za umeme zilizotengana, A na B, ili moja ikikatika nyingine ibebe. Chukua kalamu nyekundu ufuate Njia A: transfoma, paneli kuu, UPS (mashine yenye betri inayobeba mzigo gridi ikikatika), paneli ya usambazaji, raki. Chukua ya bluu ufuate Njia B. Kila mahali rangi mbili zinapokutana, chora duara. Baadhi ya maduara yatakuwa halali, kama swichi inayobadilisha chanzo cha umeme yenyewe. Mengine yatakuwa maswali ya kumpelekea mshauri, yaani mhandisi aliyesanifu, kwa maandishi, kabla zege halijamwagwa.

Jua pia mwenye mradi ameahidiwa nini. Uptime Institute, taasisi inayothibitisha ubora wa vituo vya data, hupanga vituo katika ngazi nne, Tier I hadi Tier IV. Tier III maana yake kila kifaa na kila njia inaweza kutolewa kwa matengenezo bila seva kuzimika. Tier IV inaongeza sharti zito zaidi: hitilafu moja ikitokea yenyewe, popote pale, seva ziendelee kufanya kazi. Tofauti hiyo huamua unachokagua. Kwenye Tier III utauliza kila mara, "Vali hii ikiharibika, mtaitoaje bila kusimamisha upoozaji?" Kama jibu ni kumwaga maji ya mfumo mzima, kuna vali ya kutengea haikuchorwa au haikufungwa.

Baada ya hapo angalia vifaa vinavyochelewa kufika. Transfoma, jenereta, paneli kuu na chila (mashine ya kupooza maji) huagizwa miezi mingi kabla, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Ratiba nzuri huanzia hapo na kurudi nyuma. Pima njia ya kuingizia kila kifaa kikubwa: lango, kona, mlango, korido, uwezo wa sakafu kubeba. Raki moja iliyojaa inaweza kupita kilo 1,000, na chumba cha betri huwa na uzito unaoshangaza. Usikubali ukuta ujengwe kufunga uwazi ambao chila bado itapitia. Linasikika kama jambo la kitoto, lakini kuta zimebomolewa kwa sababu hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Kubaliana mapema kazi itasimama wapi

Mpango wa ukaguzi una aina mbili za alama. Ya kwanza ni ya kushuhudia: mkandarasi anakuarifu, usipofika anaendelea. Ya pili ni ya kusimama: bila saini yako hakuna kinachoendelea, hata gari la zege likiwa linanguruma getini. Mkandarasi atapenda alama za kusimama ziwe chache. Wewe zing'ang'anie kwenye kila kinachofunikwa: ethi (nyaya za kupeleka umeme wa hitilafu ardhini) kabla ya zege, mabomba ya kebo kabla ya kufukia, bomba za maji kabla ya kufungwa kizuia joto, matundu ya ukutani kabla ya dari, viungo vya umeme kabla ya vifuniko vya paneli kufungwa. Andika pia muda wa taarifa, saa 24 au 48, ili usiitwe dakika kumi kabla ukiwa upande wa pili wa jengo.

Halafu daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na saiti ni hivyohivyo. Kila siku andika hali ya hewa, idadi ya watu kwa kila mkandarasi mdogo, kilichoingia, kilichomwagwa, kilichokataliwa na maagizo uliyotoa kwa mdomo. Agizo la mdomo liandikwe siku hiyohiyo na kutumwa. Picha piga nyingi, ila piga kwa akili: futi ya kupimia ionekane kwenye picha, pamoja na kitu cha kudumu kama nguzo yenye namba. Picha ya bomba peke yake ndani ya udongo haisaidii kitu miaka mitatu baadaye, mtu anapotaka kuchimba na hajui achimbe wapi.

Hatua ya 3: Ardhini

Ethi huja kwanza, na ndiyo hupuuzwa kwanza, kwa kuwa siku ile hakuna mtu wa umeme saiti. Wapo watu wa nondo na zege. Waya wa shaba unaozunguka msingi unapaswa kuunganishwa, kupigwa picha kila kiungo, na kupimwa kabla ya kufukiwa. Shika kila kiungo kwa mkono ukitikise. Kiungo cha kuchomelea kilichojaa vizuri hakina vitundu juu wala rangi ya majivu pembeni. Kipimo cha ukinzani wa ardhi kirudiwe baada ya udongo kushindiliwa, kilinganishwe na kilichoandikwa kwenye mkataba.

Mabomba ya kupitishia kebo chini ya ardhi ndipo Njia A na Njia B hukutana kimyakimya. Mchoro unaonyesha mitaro miwili, umbali wa mita kadhaa. Saiti, mtaro wa pili unakuta mwamba au bomba la maji taka, na mwendesha mashine anaamua kuusogeza "kidogo" karibu na wa kwanza. Niliwahi kukuta mitaro miwili imekuwa mmoja kwa urefu wa mita sita, kwenye kona, chini ya njia ya magari. Michoro ilikuwa safi. Karatasi za ukaguzi zilikuwa safi. Kilichotuokoa ni picha moja ya kibarua aliyejipiga akiwa amesimama mtaroni, na nyuma yake mabomba mekundu na ya bluu yamelaliana kama mapacha. Tulifukua. Mkandarasi alinuna wiki nzima. Ila katapila moja tu, miaka ya baadaye, ingekata njia zote mbili kwa pigo moja.

Kwa hiyo tembea mtaro mzima kwa miguu. Hakikisha kebo za faiba nazo zinaingia jengoni kutoka pande mbili tofauti, si tundu moja lenye mabomba mawili. Vuta kipimo cha mbao au chuma ndani ya kila bomba kuhakikisha halijabonyea, acha kamba ndani, ziba midomo. Bomba lisilozibwa huleta maji na panya.

Kuhusu zege sitakaa sana, kwa sababu kanuni zake ni zilezile za jengo lolote: pima slampu (ulaini wa zege bichi) ya kila gari, chukua kyubu (vipande vya sampuli), zivunjwe siku ya 7 na ya 28, na usiruhusu mtu aongeze maji kwenye ngoma ili zege "litembee". Kitu cha pekee hapa ni usawa wa sakafu. Safu za raki ndefu na milango ya kufungia korido haisamehi sakafu yenye mawimbi, na kuisawazisha baada ya zege kukauka ni kazi ya vumbi kwenye jengo lisilotaka vumbi. Paa lijaribiwe kwa kutuamisha maji juu yake, saa 24 au zaidi kama mkataba unavyosema, mtu akiwa chini na tochi. Na bomba lolote la maji lisilo la upoozaji lisipite juu ya ukumbi wa seva. Fundi wa maji atakuambia ndiyo njia fupi. Mwambie azunguke.

Hatua ya 4: Funga jengo, kisha pigana na vumbi

Shinikizo la ratiba litataka UPS ziingie wakati mafundi bado wanakata jasi chumba cha pili. Hapa kuwa mkaidi. Vumbi la jasi na zege ni laini, hupita kwenye feni, hukaa juu ya saketi, na hewa ikipata unyevu huanza kula chuma. Vumbi hilohilo hulisha vigunduzi vya moshi hadi vianze kupiga kelele za uongo.

Weka kanuni ya kanda. Kanda chafu: kukata na kuchomelea ruksa. Kanda ya kati: kazi ya mikono tu, kifagio marufuku, mashine ya kunyonya vumbi ndiyo itumike. Kanda safi: viatu vinafunikwa, maboksi ya karatasi hufunguliwa nje, hakuna kutoboa bila mtu wa pili kushika mdomo wa mashine ya kunyonya. Kata vipande vyote vya sakafu ya kuinuliwa nje ya ukumbi. Chini ya sakafu ile ni njia ya hewa katika vituo vingi; kila unga wa chuma utakaoanguka pale utapulizwa usoni mwa seva. Vipande vya zamani vilivyopakwa zinki kwa umeme vina kasoro nyingine maarufu: huota vinyweleo vyembamba vya zinki ambavyo hukatika, hupeperuka na kusababisha shoti. Mradi ukitumia sakafu iliyotolewa jengo lingine, angalia upande wa chini wa vipande kwa tochi ya pembeni. Vinyweleo humeta.

Hatua ya 5: Umeme

Hapa ndipo utatumia muda mwingi kuliko popote, na mwongozo huu pia.

Kebo ikifika, isomwe ubavuni: ukubwa, aina, namba ya roli. Linganisha na orodha kabla haijavutwa, maana kebo iliyokwisha kuvutwa kwenye trei mita mia mbili haina mtu anayetaka kuitoa. Wakati wa kuvuta, simama kwenye kona, si kwenye winchi. Kona ndiko kebo hupindwa kupita kiasi na ganda kukwaruzwa. Baada ya kuvuta, pima kwa mega, kifaa cha kupima uimara wa ganda la kebo dhidi ya kuvuja umeme, kabla ya kuunganisha, na tena baada ya kuunganisha. Vipimo viwili vikitofautiana sana, umejua tatizo limeingia wakati gani.

Sasa boliti. Kiungo kilicholegea hupata moto, moto hulegeza zaidi, na mwisho wake ni paneli iliyoungua. Kila boliti ya umeme mkubwa ikazwe kwa spana yenye kipimo, yenye cheti cha karibuni, kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji. Fundi akimaliza anapiga mstari wa rangi kutoka kichwa cha boliti hadi kwenye bamba. Mimi au msaidizi wangu hurudia sehemu ya boliti zilezile na kupiga mstari wa rangi ya pili. Mstari ukivunjika, boliti imezunguka. Angalia mistari kwa macho ya mtu asiyeamini: nimeona paneli ambayo mistari yote ilipigwa vizuri mno, sawasawa, kwa mkono mmoja usiochoka, na boliti ya tatu niliyoigusa ilizunguka kwa vidole.

Breka nazo zina mtego wake. Nyingi hutoka kiwandani mipangilio ikiwa imewekwa chini kabisa. Mshauri ana ripoti ya uratibu wa ulinzi inayosema kila breka ikatike kwa kiwango gani na baada ya muda gani, ili hitilafu ya raki moja ikate breka ndogo iliyo karibu na isipande hadi kuzima ukumbi mzima. Chukua ripoti hiyo, ukae mbele ya kila breka, soma namba kwenye uso wake moja baada ya nyingine. Kazi hii inachosha na haina sifa. Ifanye.

Mambo mengine kwa haraka: hakikisha mfuatano wa fezi ni sawa kutoka kila chanzo, lebo za Njia A na B ziwe na rangi tofauti mwanzo hadi mwisho, hata kwenye nyaya za umeme za raki, na mafuta ya jenereta yachukuliwe sampuli, kwani maji chini ya tangi huzaa vijidudu na matope yanayoziba chujio usiku usiofaa.

Betri zinahitaji kalenda yao. Betri za risasi zilizofungwa hazipendi kukaa stoo bila chaji. Mtengenezaji huandika muda wa kuzichaji upya, mara nyingi miezi kama sita, na joto la stoo huufupisha. Joto pia hula umri wake: mafundi huhesabu kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 za Selsiasi hupunguza umri kwa karibu nusu. Basi usiziagize mapema ili tu zionekane kwenye hati ya malipo. Kwa betri za lithiamu, chukua utengano wa vyumba kwa uzito wote. Tarehe 15 Oktoba 2022 moto ulianzia kwenye chumba cha betri za lithiamu katika kituo kilichopo Pangyo, Korea Kusini, na huduma za kampuni ya Kakao, zikiwamo za ujumbe zinazotumiwa na sehemu kubwa ya nchi ile, zikakatika. Kebo zinazopita juu ya chumba cha betri ni swali la kuuliza ungali na michoro mkononi.

Hatua ya 6: Upoozaji

Kilowati moja ya umeme inayoingia kwenye seva hutoka ikiwa kilowati moja ya joto. Hakuna njia ya mkato. Ndiyo maana mabomba ya maji baridi yana cheo sawa na kebo.

Adui mkubwa wa mabomba ni uchafu wa ujenzi: mchanga, mabaki ya kuchomelea, vitambaa. Mafundi huchomeka matambara kwenye midomo ya bomba ili vumbi lisiingie, nia njema kabisa, kisha husahau. Agiza vifuniko vya plastiki vyenye rangi kali na vihesabiwe, vikitolewa vinarudishwa stoo kwa idadi. Bomba lijaribiwe kwa shinikizo, kwa kawaida mara moja na nusu ya shinikizo la kazi, likae kwa saa zilizoandikwa bila sindano ya geji kushuka. Soma geji mwenyewe mwanzoni na mwishoni, na andika joto la hewa saa zote mbili, maana maji yakipoa shinikizo hushuka bila tundu lolote kuwapo. Baada ya hapo mfumo usafishwe kwa maji ya kasi, chila na mashine za ukumbini zikiwa zimerukwa kwa bomba la muda, na machujio yafunguliwe mbele yako. Endelea hadi chujio litoke safi mara mbili mfululizo. Kwa seva zinazopoozwa kwa maji hadi kwenye chipu, usafi huu unapanda daraja kabisa, kwani njia za maji ndani ya vibamba vinavyokaa juu ya chipu ni nyembamba kiasi kwamba unga usioonekana unaweza kuziziba.

Kizuia joto hufungwa baada ya jaribio, kamwe si kabla. Ngozi yake ya nje isiachwe na mwanya hata kwenye vali na vishikio, vinginevyo bomba litatoa jasho na tone la kwanza litachagua trei ya kebo.

Upande wa hewa, kagua kinachotenga korido ya baridi na ya moto. Nafasi tupu kwenye raki zifunikwe, matundu ya kebo sakafuni yawekwe brashi, milango ijifunge yenyewe. Shika ukanda mwembamba wa karatasi laini hewani, pembeni mwa kila mwanya: ukivutwa, hewa baridi inapotea hapo.

Hatua ya 7: Moto na matundu

Ukuta wa kuzuia moto kwa saa mbili ni ukuta wa saa mbili hadi fundi wa faiba atakapoutoboa. Baada ya hapo ni ukuta wenye tundu. Anzisha daftari la matundu: kila tundu lina namba, picha ya pande zote mbili, aina ya kizibo, na jina la aliyeziba. Anayetaka kutoboa aombe kibali, na kibali hakifungwi hadi tundu lizibwe. Watu hufikiri huu ni urasimu, hadi moto utokee. Usiku wa tarehe 10 Machi 2021, huko Strasbourg, Ufaransa, moto uliteketeza jengo zima la SBG2 la kampuni ya OVHcloud na kuharibu sehemu ya jengo la jirani. Tovuti nyingi zilitoweka, na baadhi ya wateja hawakupata tena data zao.

Ukumbi unaolindwa kwa gesi ya kuzimia moto lazima uishike gesi hiyo, kwa kawaida dakika 10. Hupimwa kwa feni kubwa inayofungwa mlangoni. Panga kipimo hiki mwishoni kabisa, baada ya kebo zote kupita, vinginevyo utakirudia.

Hatua ya 8: Faiba

Kiini cha faiba ya masafa marefu kina upana wa maikromita 9 hivi. Unywele wa mtu ni mara kadhaa ya hapo. Kwa hiyo kichwa cha faiba kinachoonekana safi kwa jicho hakijathibitishwa chochote. Dai hadubini ndogo ya mkononi, na fundi akuonyeshe picha kabla ya kuchomeka: duara jeusi laini katikati, bila nukta wala mkwaruzo. Kipimo cha OTDR, kifaa kinachotuma mwanga ndani ya faiba kuonyesha ulipopotea, kifanyike kutoka ncha zote mbili, na matokeo yahifadhiwe kama mafaili, si picha za skrini. Kwa kebo za shaba, hesabu urefu wa kebo ya kudumu isizidi mita 90, na angalia vifungo: kebo iliyobanwa kwa zipu ya plastiki hadi ganda likabonyea itafeli kipimo au, mbaya zaidi, itafaulu kwa nukta.

Hatua ya 9: Siku umeme unapoingia

Saiti hubadilika siku hii, na watu hawabadiliki nayo. Jana paneli ilikuwa kabati la kuwekea jaketi, leo inaua. Tangaza tarehe wiki nzima kabla, kwa maneno na kwa mabango katika lugha zote zinazozungumzwa saiti. Kuanzia saa hiyo, kazi yoyote kwenye umeme iwe na kibali, kufuli ya mtu anayefanya kazi, lebo yenye jina lake, na kipimo cha kuthibitisha kwamba umeme haupo. Kila mtu kufuli yake na ufunguo wake mfukoni mwake. Sijawahi kukubali kufuli ya pamoja na sitakubali.

Vyumba vilivyokwisha kuwashwa vifungwe na viwe na orodha ya wanaoingia. Mchoraji rangi hana shughuli humo tena.

Hatua ya 10: Majaribio

Utaratibu unaotumika sana una ngazi tano. Ya kwanza hufanyika kiwandani kabla kifaa hakijasafirishwa. Nenda, au mtume mtu anayejua; hitilafu inayoonekana kiwandani hurekebishwa na walioitengeneza. Ya pili ni ukaguzi wa kufika na kufungwa. Ya tatu ni kuwasha kifaa kimojakimoja. Ya nne ni kupima mfumo mmoja ukifanya kazi zake zote, kengele za tahadhari zikiwamo. Ya tano ndiyo mtihani wenyewe: mifumo yote pamoja, ukumbi umejaa mashine za mzigo bandia, yaani hita zinazokula umeme na kutoa joto kama seva zingefanya.

Usiruhusu ngazi ya tano ianze huku orodha ya kasoro za ngazi ya nne ikiwa bado ndefu. Utaambiwa "tutazifunga sambamba". Zikifungwa sambamba, kila breka itakayokatika italeta mabishano: ni kasoro mpya au ile ya juzi?

Andika mchezo wa jaribio hatua kwa hatua: nani anabonyeza nini, nani anasoma nini, matokeo yanayotarajiwa ni yapi, na ni nani peke yake mwenye neno la kusimamisha. Weka vipima joto mbele ya raki, chini, katikati na juu. Mwongozo wa ASHRAE, chama cha wahandisi wa upoozaji na hewa cha Marekani, unapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27 za Selsiasi. Andika hali hiyo kwa muda wote, si mwisho tu.

Kisha zima gridi. Taa zitazimika, na mara moja utasikia usichokisikia siku zote, yaani ukimya wa mashine za kupooza. UPS zinabeba mzigo. Hesabu sekunde kwa sauti. Jenereta zinakohoa, zinapanda, swichi inabadilika kwa kishindo, pampu zinaanza tena, kisha chila. Watu wengi hushangilia jenereta zikiwaka. Wewe usiangalie jenereta, angalia vipima joto, kwa sababu chila huchukua muda kurudi kazini na hita hazijaacha kutoa joto hata sekunde moja. Ukumbi wenye mzigo mkubwa hupanda joto ndani ya dakika chache. Kama tangi la maji baridi la akiba halikutosha, ni hapa utakapojua.

Rudia ukiua Njia A peke yake. Rudia kwa Njia B. Rudia ukiwa umetoa UPS moja kwa matengenezo na gridi ikazimika wakati huohuo. Mzigo ukiwa juu, pitisha kamera ya joto kwenye kila kiungo; ile boliti iliyopakwa rangi bila kukazwa itang'aa kwenye skrini kama kaa la moto.

Hatua ya 11: Kukabidhi

Timu itakayoendesha kituo iwe imekaa nanyi tangu ngazi ya tatu, si kuletwa siku ya kukata utepe. Wao ndio waendeshe swichi kwenye ngazi ya tano, mafundi wa mkandarasi wakiwa nyuma yao mikono mifukoni. Michoro ya mwisho ilingane na kilichopo. Chukua saketi kumi bila kupanga, zifuate kutoka kwenye mchoro hadi kwenye breka hadi kwenye raki. Mbili zikikosewa, rudisha michoro yote. Vifaa vya akiba vihesabiwe, nywila zote za mifumo ya udhibiti zibadilishwe na kukabidhiwa kwa maandishi, na vipimo vyote viwe kwenye mafaili yanayofunguka bila programu ya mkandarasi.

Shikilia sehemu ya malipo hadi jaribio la majira ya joto lifanyike, kwa kuwa chila iliyofaulu mwezi wa baridi haijaulizwa swali gumu. Kabla kipindi cha dhamana hakijaisha, rudi na ile kamera ya joto na ile spana. Anza na viungo ulivyovitilia shaka mwanzo. Majina yake yamo kwenye daftari.